Linazima Likipata Moto

Nusu ya madirisha ya mtaa ule yalivaa kazi ya mikono ya Mama Mapazia. Alishona, akapakia ngazi na fimbo kwenye gari lake kuukuu, akaenda kuyatundika mwenyewe. Sasa gari likaanza vituko. Likitoka nyumbani, sawa. Likishapata moto, linazima zii katikati ya njia. Akisubiri robo saa kando ya barabara, linawaka kama si lenyewe.

Fundi wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, na huwezi kumkwepa shemeji. Akabadilisha pampu ya mafuta. Likazima. Akabadilisha plagi zote. Likazima. Akiba ya cherehani mpya ikayeyuka, na kila likifika gereji linanguruma vizuri tu.

"Shemeji, gari zima hili," alisema akifunga boneti. "Au unakanyaga vibaya?"

Miaka kumi na tisa anaendesha! Lakini neno lile lilimwingia. Akaanza kuitazama miguu yake kwenye pedali kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Mwishowe Mama Mapazia akamwambia shemeji, "Panda. Leo hatushuki mpaka lizime."

Wakazunguka mjini juani, shemeji akipiga soga. Kwenye makutano, zii! Honi zikawalilia nyuma. Shemeji akageuza ufunguo mara tano, akafungua boneti, akaduwaa.

"Hapa mimi sijui," akasema kwa sauti ndogo. "Likipoa, twende kwa fundi umeme."

Fundi umeme wa magari, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliliacha lingurume mpaka likazima mbele yake. Ndipo akamwagia maji baridi kidude kimoja ubavuni mwa injini. Akawasha. Likawaka.

"Sensa hiyo," akasema.

"Sensa? Kwani humo ndani wanahesabu watu?"

Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Akaeleza kuwa ni kihisi, kinaiambia injini wakati wa kuchoma mafuta. Kikipata moto kinanyamaza, na injini nayo inanyamaza. Mama Mapazia akaitikia kwa kichwa, ila hakuambulia kitu. Kidude cha ukubwa wa kidole gumba, bei yake inaipita pampu? Na kama pampu ilikuwa nzima, iling'olewa ya nini? Akamtazama shemeji. Shemeji akatazama viatu vyake.

"Nilidhani ni pampu," akasema. "Kweli nilidhani."

Mama Mapazia hakujua amkaripie au amhurumie. Akalipa, kihisi kipya kikafungwa.

Siku iliyofuata aliendesha saa tatu mfululizo bila tatizo. Hilo nalo likamchanganya. Mara mbili aliegesha kando kusikiliza injini.

Simu ikaita. Shemeji.

"Limezima?"

"Halijazima. Nimeegesha tu kando."

"Sasa mbona umesimama?"

"Hata sielewi," akasema, na injini bado inanguruma.