Ufa Kwenye Uma wa Mbele

Basi lilimshusha asubuhi katika mji ambao hakuwahi kuukanyaga. Ilibidi ajaribu lugha tatu kabla ya kupata ile iliyoeleweka: kwa fundi wa kufuli ni wapi?

Muuza mkaa akacheka. "Yule wa pikipiki? Fuata mlio, mama. Hupotei."

Alikuwa mchuuzi wa vitambaa, mwanamke aliyezoea mipaka na vyumba vya wageni. Fundi huyo alikuwa mdogo wake, tumbo moja, na hawakuwa wameonana tangu aoe. Alimkuta uani, amepiga magoti mbele ya pikipiki ndefu nyeusi kama anayemvisha mtoto viatu.

"Dada! Usinikumbatie, nina grisi hadi masikioni."

"Na wewe lini ulikuwa msafi?"

Wifi yake akatoka jikoni amevaa koti la safari. "Karibu, wifi. Mke mwenzangu ndiye huyo," akasema, akiionyesha pikipiki kwa kidevu. "Mimi nalala na harufu ya petroli."

Fundi aliinunua pikipiki hiyo kwa mjane mmoja, kuku wakitagia juu ya kiti cha pikipiki. Za aina ile zilikwisha barabarani kabla hata yeye hajazaliwa, wala hapakuwa na duka lenye vipuri vyake. Lakini mtu wa kuchonga funguo hashindwi na pini. Mchana alifungua makufuli ya watu. Jioni alishika tupa, akachonga kipuri kimoja kimoja kilichokosekana. Mtaani wakamwita Makumbusho. Hakununa. Alisema makumbusho gani yanawaka kwa kiki moja?

Siku hiyo alipanga kuvuka milima na mkewe kwenda kwenye mkutano wa wenye pikipiki za kale. Huko kuna mzee hupita akiinama na tochi, akisoma namba za kiwandani zilizogongwa kwenye kila chuma. Zisipolingana, anakupita bila neno. Fundi alitaka kitu kimoja tu: mzee yule asimame mbele ya pikipiki yake.

Dada aliona uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, umepakwa chaki. "Urembo huo?"

"Dawa ya kuonea ufa. Unapaka mafuta ya taa, unafuta, unapaka chaki. Chuma kikiwa na ufa, mafuta yanarudi nje."

Yalikuwa yamerudi. Mstari mwembamba wenye unyevu ulipanda kwenye mguu mmoja hadi kwenye kitundu kidogo.

"Hicho nilikitoboa mimi mwaka jana," akasema haraka. "Ufa ukifika kwenye tundu unakoma."

Dada akainama. Juu ya tundu mstari ulianza tena, urefu wa ukucha.

"Mbona huu umevuka?"

Fundi alipitisha kidole gumba, chaki ikafutika. "Jasho la mkono wangu hilo."

Ukutani ulining'inia uma mwingine, mzima, alioutengeneza fundi mwenyewe. Dada aliutazama, akamtazama yeye. "Funga ule."

"Ule hauna namba."

"Namba ndiyo itakayoshika gurudumu?"

"Dada, hujui nilikotoka na hii kitu. Niingie kule na mguu wa bandia? Nitaufunga nikirudi."

"Ukirudi."

"Ndivyo nilivyosema." Akakaza nati ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

Wifi alikuja na kofia ngumu mkononi, ametabasamu mpaka jino la mwisho. Dada akamshika kiwiko.

"Wifi, usiende. Kichwa kinanipasuka, na mji huu siujui. Nitabaki na nani?"

"Leo? Nywele zote hizi nimesukia safari!"

"Nakuomba."

Wifi alimgeukia mumewe. Yeye alimtazama dada yake muda mrefu, kisha akacheka, ila macho yake hayakucheka. "Mgeni haachwi peke yake. Umeniibia abiria, dada. Basi nitaenda mwepesi."

Hakumwambia mkewe avue koti wala amsubiri. Alipiga kiki moja, ikawaka. Alipita lango bila kugeuka.

Wanawake wawili walisimama uani. Mlio ulishuka hadi darajani, ukaanza kupanda mlima, ukizibwa na kila kona kisha ukitokeza tena.

"Kichwa kinauma kweli?" wifi aliuliza, akifungua vifungo vya koti kwa hasira. "Nikuletee dawa?"

"Nyamaza kidogo," akasema dada. "Nyamaza, nisikie."

Mlio ukazibwa. Dada alisubiri utokeze, mkono wake bado umeshika kiwiko cha wifi yake, akihesabu kona za mlima asioujua.