Nilimwangusha binti yangu mbele ya wazazi wote, na leo ndiye ananiogesha

Jina langu liacheni, Bunia ni ndogo na nimefundisha nusu yake. Nina miaka sabini na tisa. Miguu yangu haifanyi kazi tena, lakini akili ipo, kwa bahati mbaya.

Miaka ya sabini ikielekea kwisha, wakati wa Zaire, nilikuwa mwalimu wa darasa la sita hapa mjini. Tuliishi mtaa wa Ngezi. Mwaka mmoja binti yangu wa kwanza, mwenye miaka kumi na miwili, akaingia darasani kwangu. Hakukuwa na darasa jingine la sita. Wazazi wakaanza maneno: mwalimu atamwangusha vipi mtoto wake? Mkurugenzi wa shule akaniita. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Mwalimu, wazazi wanasema-sema. Siku ya proklamasyo, chunga uso yako. Mwalimu hana mutoto, iko na banafunzi."

Hakuniambia nifanye lolote zaidi ya hapo. Yaliyofuata niliyatenda mwenyewe.

Binti yangu alikuwa wa pili kati ya wanafunzi hamsini na wawili. Alipata sabini na nane kwa mia. Nilikaa na karatasi zake nikapunguza hapa, nikakata pale, mpaka akabaki na arobaini na sita. Ningeweza kumpa sitini, apite kimyakimya. Sikutaka kimyakimya. Nilitaka watu waone mwalimu asiyependelea. Nilikuwa na kiburi kama jogoo, na kiburi hicho nilikiita haki.

Wanaojua proklamasyo wanajua: majina yanasomwa uwanjani mbele ya wazazi wote, wa kwanza hadi wa mwisho. Waliofaulu wanamwagiwa poda kichwani, watu wanapiga vigelegele. Mke wangu alikuja na kopo la poda chini ya kitenge. Nilisoma kumi bora, ishirini bora, nikitabasamu. Nilimwona akisogea mbele kila jina, halafu akaacha kusogea.

Tukafika kwa walioanguka. Mtoto wa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Butembo alilia, nikainama, nikamfuta machozi kwa leso yangu, nikamwambia, "Kuraje, mwaka kesho utapita." Jina lililofuata lilikuwa la binti yangu. Uwanja mzima ukacheka. Alikuja, akaniangalia usoni akitafuta baba yake. Nikamnyooshea karatasi. "Chukua. Anayefuata."

Mkurugenzi alinishika mkono mbele ya watu. "Weye njo mwalimu wa kweli." Baadaye alipohamishwa, nafasi yake nilipewa mimi. Mke wangu lile kopo alimpa mama mwingine, na mpaka anakufa hakujua kwamba alama nilizikata mimi.

Nilitegemea mtoto arudie mwaka, mambo yaishe. Akakataa. "Papa, sina kichwa. Usiangaike na mimi." Nami, mwalimu wa watoto wa watu wote, sikubishana naye. Alikwenda kijijini Fataki kwa shangazi yake kulima maharage, akaolewa na miaka kumi na saba. Wadogo zake walifundishwa na walimu wengine, wakasoma. Mmoja ni muuguzi, mwingine yuko Kisangani. Wananipigia simu Krismasi.

Vita ilimuua mume wake, akarudi Bunia. Ni yeye ananiogesha, ananilisha, ananigeuza nisipate vidonda. Hata simu hii ninayobonyeza kwa kidole kimoja alininunulia yeye. Akinivalisha shati husema, "Asante Papa ulinivumilia na ujinga yangu." Namjibu, "Si kitu, mwanangu." Si kitu!

Sasa sikieni. Mjukuu wake tunayeishi naye ameanguka mtihani mwaka huu. Msichana mwepesi wa kuelewa, aliugua malaria muhula mzima, basi. Binti yangu amemwambia asirudi shule. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Usilie. Siye huku hatunaka kichwa ya masomo. Ni damu yangu njo umerizi." Mtoto akaanza kuchambua maharage.

Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimelichuma, na wanaolila ni wao.

Nikisema ukweli, mtoto atarudi shule. Lakini binti yangu atajua kwamba miaka yake yote arobaini na kitu tangu siku ile niliiuza ili nisifiwe uwanjani. Na nisiwadanganye, siogopi sana kumuumiza. Maumivu yake nimeyazoea. Ninaogopa kwamba kesho yake asubuhi hatakuja na maji ya kuniogesha, na hao waliosoma hawatakuja pia.

Shule inafunguliwa Jumatatu, leo ni Alhamisi. Mtanitukana, najua, tukaneni. Lakini mkimaliza kunitukana niambieni: nifungue mdomo, au ningoje nife kwanza?