Bi Komeo na Begi la Wodini

Ukunda nzima ilimjua Bi Ummi kwa mlango. Aliuza viazi karai karibu na stendi, na viazi vyake vilikuwa vya kawaida tu, tena siku nyingine vimezidi chumvi, lakini kwenye harusi hakuwa na mpinzani. Bwana harusi akifika kumchukua mke, wanawake wa upande wa bibi harusi humfungia mlango mpaka awaridhishe, na Bi Ummi ndiye aliyeitwa kuuegemea. Mwili wa kazi hiyo alikuwa nao, na ulimi pia. Wakambandika jina la Bi Komeo, naye akalipenda kuliko alilopewa na babake.

Leso, noti, manukato, vyote alivipokea na bado asisogee. Alitaka neno. Wanaume wazima walisimama juani na kanzu zao zilizopigwa pasi mpaka mmoja wao atamke, "Tumeshindwa." Yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka neno hilo hata kwa mumewe. Marehemu, Mungu amrehemu, alilitamka kwa niaba ya wote wawili maisha yake yote.

Tena alikuwa mwanachama wa Wana wa Somo Mmoja, wanawake waliofundwa na kungwi mmoja wakaapa kuwa ndugu. Kila mwaka walichanga kuwasaidia watoto wagonjwa. Mara hii walinunua mashine ya mvuke ya wenye pumu, maana kule wodini ilikuwapo moja tu, kuukuu, watoto wakiingojea kwa zamu. Mmoja wa waliongojea alikuwa Amin, mjukuu wa Bi Ummi. Alimwita "mume wangu", kama bibi yeyote wa pwani amwitavyo mjukuu wa kiume, ila yeye alikuwa akimaanisha kidogo.

Mashine ilipofika asubuhi, Bi Ummi alikwisha jifunga leso kiunoni. "Tuipeleke sasa hivi."

"Hivi hivi, kama gunia la makaa?" akauliza Bi Twaiba, mwenyekiti. "Watu watatuonaje?"

Zawadi ya chama hiki haikupelekwa, ilisindikizwa, sawasawa na begi la nguo apelekewalo bibi harusi kwa ngoma. Basi mashine ikatiwa kwenye kikapu, ikavikwa nailoni na utepe, ikazungushiwa selotepu pande zote. Kisha ikafukizwa udi. Mashine ya pumu, ikafukizwa udi! Wakatoka na sare mpya na matari, Bi Ummi akiwa na kikapu kichwani na roho mkononi.

Mlango wa wodi waliukuta umefungwa. Akina mama waliolaza watoto walikuwa wamechoka kukaa. Waliposikia matari na vigelegele, mikono yao ilijua la kufanya kabla ya vichwa, wakautia komeo.

"Hodi!" akaita Bi Twaiba.

"Hodi ya nini? Huku hakuingiwi bure!"

Bi Ummi aliitambua sauti. Alikuwa Kadzo, aliyelaza mwanawe kwa mguu uliovunjika. Siku ya harusi ya Kadzo, Bi Ummi alimwacha bwana harusi kwenye mvua mpaka kanzu ikamganda mwilini.

"Mwanangu Kadzo, fungua."

"Shikamoo, Bi Komeo. Neno lenyewe unalijua."

Wana wa Somo Mmoja wakachachamaa. "Usilitamke, Ummi! Tutaimba mpaka wachoke wao!" Matari yakapanda. Nesi Eunice, aliyekuwa ametoka mara moja kufuata dawa, naye alifungiwa nje pamoja nao. "Jamani, mimi nafanya kazi humu!" akalia. Kutoka ndani akajibiwa kwamba hata bwana harusi alikuwa na kazi.

Ndipo matari yalipopumzika kidogo, na Bi Ummi akasikia kifua. Kilikuwa kikipiga mluzi mwembamba, kinakatika, kinaanza tena. Angekitambua kifua hicho katikati ya soko. Hofu ikamshika mpaka kikapu kikayumba kichwani.

"Nimeshindwa," akasema.

Bi Twaiba alijishika mdomo.

"Nimeshindwa, Kadzo! Nimeshindwa mimi Ummi! Fungua!"

Mlango ukafunguka mara moja. Kadzo alitoka akicheka, akamwona uso, akaacha. Bi Ummi alikwisha mpita. Mkasi haukuwapo, kwa hiyo selotepu aliing'ata kwa meno, nailoni akaichana, utepe akautupa huko. Nesi Eunice akachomeka waya na kumvisha mtoto kifuniko cha pua na mdomo, na mvuke ukaanza kutoka.

Wanawake walisimama, matari mikononi, mpaka ule mluzi ulipoanza kulegea. Amin akafumbua macho, akakisogeza kidogo kile kifuniko.

"Bibi, ni kweli umeshindwa?"

"Nimeshindwa, mume wangu," akasema Bi Ummi, akakirudisha. "Vuta pumzi."