Pumzi ya Baba

Baba alikuwa askari polisi, na tuliishi chumba kimoja kambini Nsambya. Akilala mchana baada ya zamu, alikoroma, kisha pumzi ikakatika mpaka ashtuke akitweta. Nilimwigiza bombani. Nilikoroma, nikabana pumzi, na wanawake wenye madumu wakahesabu kwa sauti: “Kumi na nane! Afande amekufa!” Tulicheka mpaka machozi.

Alipokutwa amesinzia lindoni, mkubwa wake alisema ni mlevi. Akapelekwa hospitali kupimwa, na daktari akamuuliza mama, “Akilala, pumzi hukatika?”

Mama, ambaye mchana alishinda sokoni na usiku alilala fofofo, alijibu, “Hapana, daktari. Anakoroma tu, kama wanaume wote.”

Nilikuwa nimesimama pale. Niliogopa kuchapwa kwa ule mchezo wangu, nikanyamaza. Baba alifukuzwa kazi, na chumba kikaenda na kazi. Wanawake wa bombani walitusaidia kubeba godoro lake.