Jina la Mke Aliye Hai

Guro Haugerud alibatizwa tarehe 11 Aprili 1948, Jumapili ya pili baada ya Pasaka, katika kanisa la Kilutheri la Nordre Elv, magharibi mwa Minnesota. Daftari la usharika linasema hivyo, na pembeni mchungaji wa siku hizo aliongeza kwa wino mwembamba kwamba mtoto huyu alikuwa wa tatu kupewa jina hilo katika ukoo wake.

Chimbuko la jina kila mtu alilijua. Embrik Haugerud, baba wa babu yake, alitoka Norwei mwaka 1869 na mkewe Guro na mtoto mchanga. Homa iliwaua wote wawili melini, wakashushwa majini mbele ya macho yake. Miaka mitano baadaye alimwoa Kari, na binti yao wa kwanza, mwaka 1875, akaitwa Guro. Hapakuwa na la kujadili. Mgane akioa tena, binti wa kwanza hubeba jina la marehemu, na mke mpya asiyekubali husemwa mpaka azeeke. Kumpa mtoto jina la mke aliye hai hakuna aliyethubutu. Ingekuwa sawa na kumchimbia kaburi.

Mwaka 1924 ukoo ulilipatia kanisa dirisha la vioo vya rangi: meli, mawimbi, na maneno “Kwa kumbukumbu ya Guro, aliyelala baharini.” Tangu akiwa na miaka kumi na mitano, kila ukoo ukikutana, Guro husimama chini ya dirisha hilo na kusoma habari ile. Na aliiongezea. Shali nyeupe ya sufu aliyofungiwa mtoto aliibuni mwenyewe. Alipoitaja mara ya kwanza wanawake walilia, na shali ikabaki.

Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa karani wa hati za ardhi kwa miaka thelathini na mmoja, ambaye mkulima akikosa sahihi moja alimwambia bila kuinua macho, “Rudi na shahidi.”

Januari 2024 mdogo wake Orrin, mwenyekiti wa kamati ya mkutano wa ukoo, alimkabidhi ukurasa wa tisa wa kitabu cha miaka mia na hamsini tangu Embrik amwoe Kari: habari ya bahari. Kilichopungua ni jina la meli tu. Guro alifungua kwenye kompyuta picha za daftari la waliohama kutoka parokia ya Embrik, katika bonde la Hallingdal. Tarehe 5 Mei 1869: Embrik Torgrimsen Haugerud, miaka 29, anakwenda Amerika. Mstari uliofuata ulikuwa wa mtu mwingine.

Alidhani karani amesahau. Makarani husahau. Akafungua sensa ya Norwei ya tarehe 31 Desemba 1875. Kwenye kibanda cha mtumishi wa shamba la Haugerud alimkuta Guro Olsdatter, miaka 33, ameolewa, mume yuko Amerika, anafuma soksi, anasaidiwa na mfuko wa maskini. Pamoja naye binti, Birgit, miaka sita. Oktoba ya mwaka huohuo, huku Nordre Elv, mtoto mwingine alikuwa amemwagiwa maji kwa jina la mama huyo, kama kumbukumbu.

Alichukua ufunguo wa kabati la kanisa, akasoma mihutasari ya baraza la wazee kwa kufuatisha kidole, maana Kinorwei chake ni cha jikoni. Mwaka 1874 watu waliotoka bonde lile walinung'unika kwamba hawakusikia msiba wowote wa mke wa Embrik. Novemba 1875 baraza lilifunga shauri kwa sentensi moja: Kwa kuwa Embrik amempa mtoto jina la mkewe, hatuna shaka tena.

Orrin alikuja siku ya pili, theluji ikiwa bado inaanguka.

“Vua viatu. Unanilowesha sakafu.”

“Umeniita kwa makaratasi au kwa kahawa?”

“Vyote. Soma.”

Alisoma akitafuna lefse, ule mkate mwembamba wa viazi, yenye siagi. Alipomaliza alifuta vidole kimoja kimoja.

“Dada, bonde lile kila mwanamke wa pili ni Guro.”

“Mwenye mume Embrik Torgrimsen, yuko Amerika, shamba lilelile?”

“Haya. Labda walikosana. Mwanamume ana mambo yake.”

“Wakikosana ndiyo amzike?”

“Usinipandishie sauti. Nakuuliza kitu kimoja. Asingemwoa Kari, wewe ungekuwa wapi? Mimi je? Hiyo lefse uliyooka angekula nani?”

Guro alivuta birika, akammiminia kahawa.

“Unaona? Miaka sabini na tano umelivaa hilo jina, halijakuwasha. Leo ndiyo limeanza kuwasha?”

“Nimepewa jina la maiti, Orrin. Maiti mwenyewe alikuwa kwake anafuma soksi.”

“Andika ukurasa wako kama ulivyousoma sikuzote. Na ile shali usiisahau, watu wanaipenda.”

Aliuandika kama madaftari yalivyosema. Kisha, akitumia kitabu cha historia ya mashamba ya bonde lile, alifuata kizazi cha Birgit mpaka kwa mwalimu mstaafu aitwaye Solveig Brattegard, akamwandikia. Aliomba msamaha, hakuwa na hakika anaomba kwa niaba ya nani.

Jibu lilifika Machi. Solveig aliandika kwamba kwao jambo hilo halikuwa siri hata siku moja. Mwaka 1889 Guro Olsdatter alipata anwani kwa mtu aliyerudi kutoka Amerika, akamwandikia mumewe. Aliyejibu alikuwa msichana. Solveig alikuwa ameambatanisha picha ya barua hiyo, mwandiko wa shuleni, mistari minne: Baba yangu Embrik alifariki zamani. Usiandike tena. Mungu akubariki. Chini yake, jina kamili: Guro Embriksdatter, yaani Guro binti Embrik.

Embrik alikufa mwaka 1913. Kaburi lake liko hatua ishirini kutoka mlango wa kanisa.

“Birgit alisimulia kwamba mama yake hakuumizwa na ile mistari,” Solveig aliandika. “Alisoma jina lile chini, akakaa. Wewe unajua kwa nini. Aliikunja barua, akasema, ‘Kumbe mimi ndiye niliyekufa,’ akaenda kukamua mbuzi. Aliishi miaka ishirini na miwili zaidi. Barua yako ni ya kistaarabu, lakini hatuna haja na kitabu chenu, na tafadhali msije.”

Guro alichapisha picha ya barua ile, akaibandika kwenye ukurasa wake na kumpelekea Orrin. Aprili kamati ilikutana, binamu watano na Orrin, na Guro akaambiwa kwa simu.

“Wote sita tumeukataa ukurasa wako, dada. Hakuna aliyekuwa na hasira nawe.”

“Waliisoma barua?”

“Niliwaeleza.”

“Nimekuuliza kama waliisoma.”

“Kuna watoto watakisoma kitabu hicho. Tumetumia ulichosoma mwaka 2014. Ni kizuri, umekiandika mwenyewe.”

Kwa hiyo ukurasa wa tisa una bahari, homa, na shali nyeupe ya sufu, na chini yake jina la mwandishi: Guro Haugerud. Ombi lake la kuliondoa jina hilo lilifika kitabu kikiwa kimekwisha kupigwa chapa.

Ukurasa wa kweli ameuweka ndani ya daftari la ubatizo la Nordre Elv, kwenye mwaka 1875, na kulirudisha kabatini. Jumapili tarehe 21 Julai, saa nne asubuhi, Orrin atasimama chini ya dirisha la meli na kusoma. Guro atakuwa orofa ya chini, kwenye jiko la kanisa, akimimina kahawa ya watu mia na arobaini.