Sarafu Niliyoing'arisha

Sisi tuliokulia Beni wakati barabara nzima ilikuwa na redio moja tunajua jinsi alasiri zilivyokuwa ndefu. Tukitoka shuleni tulitupa vibao vyetu mlangoni, tukala fufu na sombe iliyolala, majani ya muhogo ya jana, kisha wasichana tukapanga mistari miwili kucheza nzango, tukiruka na kugonganisha miguu hadi vumbi lifunike nyumba. Mama akitoka na mwiko tulitawanyika. Kwake uchafu ulikuwa dhambi. Kila jioni alituweka uani na masufuria, majivu na mchanga, tusugue mpaka tuone meno yetu kwenye chuma. "Kitu chafu kinaaibisha mwenye nacho," alisema, nasi tulisugua.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara, kama Waislamu wengi wa mtaa wetu. Wengine walikuwa na malori. Yeye alinunua fedha kuukuu: bangili, vijiko vya Wazungu waliokwishaondoka, na sarafu. Kupima sarafu alifundishwa na Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka karibu na soko. Aliishika kwa ukingo tu, kwa vidole viwili, akaiinamisha dirishani ili mwanga uizunguke. Kisha aliweka kioo cha kukuzia jichoni na kutazama mahali palipoinuka, pale panapolika kwanza: nywele juu ya sikio la mfalme, shavu, ncha za taji. Alikuwa na madaraja yake. Kulikuwa na sarafu iliyotembea sana mikononi mwa watu, iliyotembea kidogo, na ile ambayo haijatembea, ambayo aliiona mara chache mno. Chini ya zote ilikuwa ya kuyeyusha. Vijana wa leo wangemcheka. Wao huipiga sarafu picha na kuiuliza simu bei yake kabla hata hawajaigeuza upande wa pili.

Jirani yetu alikuwa Mwalimu Kabeya, aliyetumwa na serikali kutoka Kasai kuja kufundisha darasa la tano. Mshahara wake ulifika ulipotaka. Mke wake, Mama Astrid, hakuwa na mtoto, kwa hiyo sote tulikuwa wake. Alitusuka nywele barazani kwake, akatufundisha nyimbo za kwao, na alicheka kwa sauti ambayo Mama alisema inasikika hadi barabara kuu. Mwaka mmoja tumbo lake lilianza kuvimba. Daktari wa Butembo alisema lazima apasuliwe, upesi.

Ndipo Mwalimu alipomletea Baba kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa. Ilikuwa sarafu kubwa ya fedha, ya ukumbusho, iliyotengenezwa kwa ajili ya sherehe fulani ya wakoloni. Baba yake Mwalimu, karani, alipewa sarafu hiyo siku ya kustaafu na hakuitoa nje tena. Ilikuwa nyeusi yenye rangi ya buluu pembeni, kama shingo ya njiwa. Baba aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe alisema, "Hii haijatembea." Akaeleza kwamba weusi ule ulikuwa ngozi yake, na fedha ikizeeka vizuri huvaa ngozi ya namna hiyo. Kulikuwa na Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Butembo, mkusanyaji, ambaye angepita baada ya siku tatu. Akiiona hivyo angeinunua kwa bei nzuri, na Mama Astrid angepasuliwa wiki hiyo hiyo.

Mimi sikuwepo walipozungumza. Nilikuwa na miaka tisa. Niliiona tu sarafu ndani ya kopo la Baba, nyeusi kama sufuria ya uji, na nikasikia kwamba Mzungu anakuja kuitazama. Niliona aibu kwa niaba ya Mwalimu. Siku ya pili, Baba akiwa msikitini, niliipeleka uani. Nilitumia majivu, mchanga laini na nusu ya limau. Nilisugua mpaka mkono ukauma. Ilipong'aa nilicheka peke yangu, nikairudisha kwenye kitambaa chake na kungoja kusifiwa.

Mzungu alipofungua kile kitambaa, alitazama mara moja, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayelaza kitu kilichokufa. Aliomba radhi kwa Kifaransa, akaondoka bila kunywa chai.

Baba hakunipiga. Aliniketisha kwenye kiti chake na kunipa kile kioo.

"Angalia shavu ya mufalme. Unaona nini?"

Nikasema naona mistari midogo midogo, mingi.

"Ile mistari njo mikono yako. Haitatoka tena."

Kisha alinishika mkono, tukavuka hadi kwa Mwalimu, na nikaambiwa niseme mwenyewe. Nilisema. Mwalimu aliipokea sarafu kwa Baba, akaipindua kiganjani. Mama Astrid, aliyekuwa amelala karibu na dirisha, aliomba aione. Aliishika juu, mwanga ukamwangukia usoni.

"Sasa iko muzuri," alisema. "Sura inaonekana."

Hakuna aliyemsahihisha.

Sarafu ikauzwa kwa sonara kwa uzito wake tu, ikayeyushwa ikawa bangili. Baba aliuza baiskeli yake na mizani yake ndogo ili kuongezea, na siku kumi na moja zikapita kabla lori halijampeleka Mama Astrid Butembo, mvua zikiwa zimekwisha kuila barabara. Alipasuliwa. Siku ya tatu akafa.

Asubuhi moja baadaye nilimkuta Baba akinyoa ndevu uani. Nilimwuliza, "Baba, ni mimi niliua Mama Astrid?"

Aliweka wembe chini. Nilitaka anidanganye.

"Siwezi kukuambia ndiyo, na siwezi kukuambia hapana. Mimi nasemaka tu kile naona. Ile siko naiona."

Akanivuta kifuani na povu lake la sabuni, tukakaa hivyo. Mpaka Baba alipokufa, hakunipa jibu lingine.

Wenzangu, nikumbukacho zaidi ni matanga ya Mama Astrid. Mwanamke wa Kasai, asiye na ndugu hata mmoja Beni, na barabara yetu yote ilinyamaza juma zima. Redio ilizimwa. Waislamu na Wakristo walikaa chini ya bashi moja la turubai, akina mama wakulima kutoka Musienene wakashusha maharagwe na viazi bila kuuliza nani atakula, na kila jioni mtu alisimama kusimulia jinsi alivyokuwa akicheka. Sisi watoto hatukucheza nzango mpaka tuliporuhusiwa.

Siku hizi ninaishi Butembo, upande wa Rughenda, tangu mimi na wanangu tulipokimbia mauaji kule Beni. Mwezi uliopita waliletwa watu waliouawa mashambani mwao. Tulizika kabla ya saa sita, mashimo yakiwa katika mstari mmoja, na sala ikasomwa mara moja kwa wote. Saa nane soko lilikuwa wazi, nami nilikuwa pale nikibishana juu ya nyanya. Nilirudi nyumbani, nikawasha makaa, nikaweka sufuria. Maji yalikuwa yameanza kuchemka ndipo nilipogundua kwamba sikuuliza jina la hata mmoja wao.