Jeneza la Upande wa Kulia

Siku yangu ya kwanza katika reli nilisema neno moja tu, nalo lilikuwa kosa. Treni ya mizigo ilikuwa inaingia stesheni, injini imekwisha kupita mlango wa ofisi yetu kwa moshi na kishindo, nami kwa furaha ya ujana nikamwambia mkubwa wangu, "Imefika."

Mkubwa huyo tulimwita Bwana Stesheni, kwa cheo chake cha stesheni masta. Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye kofia ya kazi aliyoipiga brashi kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Hakugeuka kunitazama. Aliendelea kukodolea macho njia mpaka behewa la mwisho likapita na akaiona taa nyekundu iliyoning'inizwa nyuma yake. Ndipo akasema, "Sasa imefika. Ulichokiona wewe ni injini. Ulijuaje kama nyuma yake hakuna kilichobaki njiani?"

Taa hiyo tuliiita taa ya mkia. Njia yetu ilikuwa moja, treni za kwenda na za kurudi zikiitumia kwa zamu. Kama mabehewa mawili yalikatika huko mlimani na wewe ukatangaza njia iko wazi, treni inayofuata ingeyakuta gizani, na wewe ungewaeleza nini watoto wa dereva? Kwa hiyo hukusema neno mpaka uone mkia.

Simu nayo ilikuwa na sheria zake. Stesheni zilipoulizana kama njia iko wazi, kila jibu lilifungwa kwa namba ya siri, iliyotoka kwenye orodha ambayo stesheni masta aliifungia sandukuni. Jibu lisilo na namba halikuwa jibu, hata kama sauti uliijua vizuri.

"Simu haina uso, kijana," Bwana Stesheni aliniambia. "Hata mimi nikikupigia nikalia machozi, nidai namba."

Mimi ni Mkuria, na kwetu mtu akikuta ng'ombe wamerudi zizini peke yao haanzi kwa kushukuru. Huenda kwanza kutazama mchungaji yuko wapi. Kwa hiyo mafundisho yale yaliniingia kama maji kwenye mchanga. Mke wangu alilalamika kwamba akisema chakula ni tayari, mimi hufunua sufuria kabla ya kunawa. Ni kweli, nilifunua. Sioni aibu.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa gati la Homa Bay, kwenye Ziwa Victoria. Vijana wa siku hizi nikiwaambia Homa Bay ilikuwa stesheni ya reli hunitazama kwa huruma, maana hakuna reli na haijawahi kuwapo. Lakini meli za ziwani zilikuwa za reli, na gati lilikuwa na kila kitu cha stesheni: dirisha la tiketi, mizani, ghala, kengele. Uliuziwa hapo tiketi ya mpaka Nairobi. Meli ikakufikisha Kisumu, treni ikakupokea. Mzee mmoja kutoka Magunga alikata tiketi yake, akazunguka ghala mara mbili akiitafuta treni. Alipoonyeshwa meli alisema yeye hakununua maji, akarudi kwao na kuku wake.

Stesheni isiyo na reli haikupewa orodha ya namba za siri. Njia ipi tungeifunga au kuifungua? Mimi niliona nimepumzika.

Mzigo mmoja ulikuja mara kwa mara: majeneza. Mjaluo akifia Mombasa au Nairobi hazikwi huko. Lazima arudi kwao, hata kama safari ni ya siku nyingi. Kila mzigo wa reli ulifungwa lebo, ila jeneza. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Ilikuwa adabu tu ya wafanyakazi, kwamba binadamu hafungwi lebo kama gunia la pamba. Gadi, yaani msimamizi wa treni anayesafiri behewa la nyuma, alimkabidhi mwenzake kwa mdomo: wa kulia ni wa meli, wa kushoto ni wa fulani. Mimi sikuipenda adabu hiyo, nikasema, nikaambiwa Wakuria hatuna heshima.

Mkaguzi wa Mizigo naye alikuwa ametuonya kwamba kuna wajanja wanaopitisha magendo ndani ya majeneza. Lakini akaongeza, "Jeneza halifunguliwi katika eneo la reli bila polisi. Ukifungua peke yako, nitakuhesabu wewe ndiye mwizi." Kwa hiyo kila jeneza lililoshuka nililitazama kwa jicho la pembeni, nisiweze kuligusa.

Siku ninayotaka kuieleza, meli ilileta jeneza moja. Familia ilikuwa inangoja tangu asubuhi. Marehemu aliitwa Okoth, kijana aliyekuwa kuli bandarini Mombasa, ambaye inasemekana alianguka kutoka juu ya shehena. Mama yake, Min Okoth, alikuwa amekaa chini kando ya ghala. Wanawake waliomzunguka walilia kwa sauti. Yeye hakulia, na hilo lilinitia shaka. Msimamizi wa msiba alikuwa shemeji yake, Mzee Ogola, aliyekuwa na lori la kukodi na haraka nyingi. Hilo nalo lilinitia shaka.

Jeneza lilipowekwa chini, mama aliinuka, akanijia. Alijua sielewi Kijaluo zaidi ya kile cha sokoni, akanisemesha kwa Kiswahili.

"Karani, fungua hii sanduku."

"Mama, haifunguliwi hapa. Ni sheria."

"Sheria ya nani? Mimi nimeambiwa na redio mtoto amekufa. Redio ilijua Okoth wapi?"

Ogola akaingilia. "Shemeji, wacha hiyo maneno. Maiti haifunguliwi kwa njia. Tutaangalia nyumbani."

"Nyumbani kaburi imechimbwa tayari," mama akasema. "Mkifika huko mtaniambia jua inaenda, tuzike. Mimi naona hapa."

Nilimshuku Ogola, nikamshuku mama, nikalishuku jeneza lenyewe. Nikamwita askari wa kituo cha jirani. Alikuja, akasikiliza pande zote mbili, akavua kofia yake na kuniambia nilete bisibisi. Tukalegeza skurubu za kile kifuniko kidogo cha usoni.

Ndani hamkuwa na magendo. Alikuwamo mtu mzima mwenye ndevu nyingi, uso wake umetulia. Okoth, kama nilivyoambiwa na wote waliokuwapo, hakuwahi kuota hata ndevu moja.

Ogola alishika mdomo kwa mikono miwili. Kumzika mgeni katika boma lako, ndani ya kaburi la mwanao, ni jambo ambalo watu wale wangelibeba vizazi vingi. Lakini mama alicheka. Alicheka taratibu, akapiga makofi mara moja, akasema, "Erokamano, Nyasaye," yaani asante Mungu. Akawageukia wanawake akawaambia wanyamaze. "Si yeye. Niliwaambia. Okoth ako hai."

Alichukua kikapu chake, akaanza kumwambia mwenye lori ampeleke nyumbani. Mimi nilikimbilia simu. Alinifuata mpaka dirishani.

"Unapigia nani?"

"Namtafuta mtoto wako, mama."

"Yeye hajapotea. Wacha simu."

Nilidhani ni mshtuko. Nikazungusha mpini wa simu.

Ofisi ya Kisumu iliniambia kwamba yalikuja majeneza mawili katika behewa moja, na la pili lilikuwa limeondoka na treni ya tawi la magharibi. Wakaniunganisha na stesheni ya mwisho ya tawi hilo, ambayo sitaitaja, nina sababu zangu. Aliyepokea nilimtambua kabla hajamaliza kusema halo. Alikuwa Bwana Stesheni.

Nilimweleza yote mbio mbio. Nikamwambia alama aliyonitajia Ogola: Okoth ana kovu juu ya nyusi, pembe ya ng'ombe ilimpata utotoni.

"Namba ya siri?" akauliza.

"Sina, bwana. Huku hakuna reli."

"Basi hujaniambia kitu. Treni imeingia sasa hivi, na nina ukoo mzima nje na jeneza lao. Watu hugombania maiti, wewe wajua. Mmoja ataka azikwe kwa baba, mwingine kwa mjomba, hupiga simu wakaiga sauti. Wewe nimekufunza mwenyewe. Ungekuwa mimi, ungeniamini?"

Moyo uliniuma, lakini nilimjibu kweli. "Hapana, bwana."

Akasema, "Ngoja hapo," nikasikia mkono wa simu ukiwekwa mezani. Alikwenda kumuuliza gadi wake. Gadi akasema alipokea maneno kutoka kwa gadi wa Kisumu, naye kutoka kwa aliyemtangulia: wa kulia ni wa meli, wa kushoto ni wa tawi. Ndivyo walivyofanya, hawakukosea hata kidogo. Bwana Stesheni akamuuliza kama njiani, kabla ya kufika Kisumu, injini iliwahi kuhamishwa. Gadi akasema ndiyo, katika makutano fulani ilikatwa mbele ikafungwa upande wa pili.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na ni kosa la watu wa reli peke yao. Kulia kwetu ni kulia ukiwa umeitazama injini. Injini ikihamia upande wa pili, kulia kunakuwa kushoto, na majeneza yenyewe hayajasogea. Magadi walipokezana maneno yale yale kwa uaminifu mpaka mwisho wa safari.

Bwana Stesheni alirudi kwenye simu. "Wewe sijakuamini bado," akasema. "Lakini injini naiamini."

Alitoka nje akawaambia wale wafiwa kwamba kuna karatasi imekosekana, jeneza haliwezi kutoka. Karatasi haikuwa imekosekana. Ila alijua watu wetu: stesheni masta wangembishia mpaka jioni, lakini karatasi iliyokosekana hakuna anayeibishia. Kisha akamwita askari na mkubwa wa ukoo pembeni, wakafungua. Kovu lilikuwapo.

Nilipotoka kumweleza Min Okoth, alikataa kunisikiliza. "Simu," alisema tu, kwa dharau. Lakini hakuondoka. Alibaki pale gatini na watu wake mpaka meli iliporudi, na muda wote huo jeneza la yule mgeni lilikaa ghalani likiwa limefunikwa leso aliyojivua mwenyewe. Alisema mgeni asilale wazi.

Okoth alishushwa kutoka melini mchana kweupe. Askari alikuja tena, nami nikalegeza skurubu. Mama aliinama. Aliweka kidole juu ya lile kovu, akakiacha hapo muda mrefu. Halafu akanyanyuka, akanitazama mimi, si shemeji yake, si askari.

"Nyathina," aliniita, mwanangu. "Wewe ni mtu ya kazi. Lakini haungepiga hiyo simu, mimi ningekuwa na mtoto mpaka siku yangu ya kufa."

Ndipo akalia. Wanawake wakamshika, wakampandisha lori. Yule mwenye ndevu nilimpandisha melini mwenyewe, na nikamfunga lebo. Walionuna walinuna.

Nilihamishwa mara tatu baada ya hapo, chini ya wakubwa wazuri na wabaya, mpaka meli zikaacha kuja na mimi nikastaafu. Sasa nakaa kwangu, juu ya barabara ya kutoka Migori kwenda mpakani. Mwaka huu wamepita vijana wenye vyombo vya kupimia vya miguu mitatu, majirani wakashangilia kwamba reli inakuja. Niliwauliza wale vijana inatoka wapi, wakasema hawajui, wao wametumwa kupima. Nikarudi kumenya mihogo yangu. Na matapeli wa simu wanaowaliza watu hapa hawajanipata hata siku moja. Mjukuu wangu mwenyewe akipiga kutoka Nairobi namuuliza kwanza jina la bibi yake.

Mjukuu huyo ndiye aliyeniomba niyaandike haya. Nilipofika kwa habari ya Min Okoth alikasirika, akasema, "Babu, si ungemwachia tu hiyo matumaini yake?" Nimeliwaza hilo miaka mingi kabla yeye hajazaliwa. Shaka yangu na shaka ya yule mama zilifanana kwa nje. Mimi nilitaka kujua, yeye alitaka asijue, na mimi ndiye niliyekuwa na simu. Nikimkumbuka akiwa na kidole juu ya lile kovu, huwa nalia, mzee mzima.

Hata hivyo ningepiga. Yule aliyelala ghalani chini ya leso naye alikuwa na mama.